Mshale wa Joto

Baba,

Jambo hili sijamwambia mtu, hata Mama. Siku injini ya chuo ilipoungua, kosa lilikuwa langu, si la macho yako.

Ni ile injini kuukuu ya helikopta, mliyoifunga kwenye fremu uani ili wanafunzi wako wajifunze kuwasha. Nilikuwa likizo, nimekuchosha kwa maswali, ukanichukua. Wewe ulishika mkono wa mafuta na kutazama kipimo cha mzunguko wa injini. Mimi ukanipa kulinda mshale wa kipimo cha joto. Ulisema, "Ukiona unakimbilia mstari mwekundu, sema 'kata', nifunge mafuta. Usiniombe ruhusa."

Betri ilikuwa dhaifu. Mafuta yakawaka ndani kabla injini haijapata kasi ya kutosha, na mshale wangu ukaanza kukimbia. Niliuona, Baba. Niliuona mapema. Lakini nyuma yetu walisimama vijana wote wale, na wewe ni baba yangu. Ningekuamrishaje? Nikasema, "Baba, samahani." Ukaniinamia, ukauliza, "Unasemaje?" Ulipoinua kichwa na kufunga mafuta, mapanga yanayozunguka ndani ya injini yalikuwa yameshaungua.

Ukamwambia mkuu wa karakana kwamba macho yako yamechoka. Wakakuondoa kwenye injini, wakakupeleka stoo kugawa spana. Jioni ile, kwenye vibanda vya chakula pale Wandegeya, ulininunulia chapati na maharage. Ukasema, "Ulisema, mwanangu. Mimi ndiye sikusikia." Nilikula zote. Sijui niliwezaje.

Tangu tukuzike, Mama bado anaifuta miwani yako kila Ijumaa. Idi, mtoto wa shangazi, ameanza masomo pale chuoni. Anasema mwanafunzi akikosea kusoma mshale, wenzake humwambia, "Wewe una macho ya Mzee Rajabu." Wanacheka. Idi naye hucheka, wasijue kwamba ulikuwa mjomba wake.

Pumzika, Baba. Nikipewa tena mshale wa kulinda, nitasema neno lenyewe.

Barua hii niliishia hapo juzi. Leo baada ya shule nimekwenda chuoni nikiwa bado na sare yangu. Mkuu wa karakana alikuwa uani na wanafunzi, Idi akiwa katikati yao. Nikamwambia yote, nikitazama viatu vyangu. Akasema, "Binti, sikusikii, jenereta hii inapiga kelele."

Nikainua uso, nikarudia kwa sauti, mpaka wale wa nyuma wakageuka.