Blauzi Unayoiulizia Haikutoka Dukani

Ghorofa ya pili,
Nyumba ya nyuma ya karakana,
Jumapili, tarehe 14 mwezi wa sita.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Mumeo hajambo? Na wanangu wawili wanaendeleaje, yule mdogo kifua kimeshapona? Sisi huku tu wazima. Goti langu la kulia linanisumbua nikisimama sana, lakini goti si habari, ni umri tu. Shemeji yako anakohoa kidogo na kulalamika sana, kwa hiyo ujue ni mzima kabisa.

Barua yako niliipata Jumatano na nimeisoma mara tatu. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu sisi wawili tunakatishana maneno, na anayeanza kulia ndiye anayeshinda. Leo sitaki mtu ashinde. Acha niandike.

Umesema picha ya mama aliyokutumia shangazi umeitundika sebuleni. Umesema unaipenda ile blauzi ya kijani aliyovaa, yenye kola ya duara, na kwamba hukumbuki uliinunua lini, ila shangazi amekuhakikishia ni ile uliyomtumia wewe. Unaomba nikutumie ibaki kwako kama kumbukumbu.

Mdogo wangu, hukumbuki kwa sababu hukuinunua. Niliishona mimi. Shangazi hakudanganya, alisema alichosikia. Ndiyo maana inabidi nianze mbali kidogo, univumilie.

Unajua kwamba tangu usichana nilikuwa najishonea blauzi zangu mwenyewe. Sikuwa fundi wa watu, nilikuwa fundi wa mwili wangu. Nikiwa na huzuni nakata kitambaa, nikiwa na furaha natia kola. Nadhani pia unajua kwamba niliacha. Sababu hujawahi kuniuliza.

Niliacha siku ya mahafali yako. Asubuhi ile nilivaa blauzi ya bluu niliyoishughulikia wiki mbili kwa ajili yako, vitundu vya vifungo nimevizungushia uzi kwa mkono kimoja kimoja. Tulikuwa chumbani mbele ya kioo, wewe unapaka wanja. Ulinitazama kupitia kile kioo, ukasema taratibu, kwa upole kabisa, "Dada, leo usivae ya kushona. Watakuwepo watu wa kazini kwangu."

Ukanipa yako ya dukani. Ilinibana kwapani kutwa nzima. Angalia picha za siku ile kama bado unazo, nimesimama kwenye zote kama nguo iliyosahauliwa kwenye hanga. Niliporudi nyumbani niliifunika cherehani kwa shuka, shemeji yako akaibeba hadi stoo. Ilikaa huko miaka kumi na moja. Waliouliza niliwaambia ni macho.

Najua utasema ulikuwa mtoto. Ulikuwa na miaka ishirini na minne. Mtupa jiwe husahau, aliyepigwa ndiye anayebaki na kovu.

Nije kwenye ya mama. Alipopatwa na kiharusi nilimleta kwangu, hilo unalijua. Usilolijua ni namna kumvisha kulivyokuwa. Mkono wa kushoto ulikuwa umekufa, mzito kama wa mtu aliyelala. Kila asubuhi kabla sijaenda kazini, mimi na nesi wa ghorofa ya chini tulimvisha: mmoja anainua mkono, mwingine anavuta nguo. Mama hakuwa mtu wa kulia. Asubuhi moja shingo ya blauzi ilikwama usoni, akabaki gizani mle ndani ya kitambaa, na tulipomtoa alikuwa analia. Akasema, "Niacheni na kanga tu. Mimi si mtu wa kuvaa tena."

Wiki hiyohiyo kifurushi chako kilifika. Blauzi tatu nzuri, za kung'aa, zimefungwa kwenye karatasi laini. Zote vifungo viko mgongoni. Zote ni saizi ya mama wa miaka minane iliyopita. Ulimpima mama kwa kumbukumbu, mdogo wangu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na blauzi ya mbali haimvishi mgonjwa. Nilimwonyesha, akazipapasa kwa mkono wake mzima, nikazirudisha kwenye karatasi.

Siku iliyofuata niliingia stoo. Mkanda wa cherehani ulikuwa umekatika, gurudumu lina kutu, panya wamekula nusu ya kibweta cha nyuzi. Nilitia mafuta, nikanunua mkanda, nikajaribu kwenye shuka kuukuu. Mikono ilikuwa imesahau. Blauzi ya kwanza niliupachika mkono wa kushoto kinyumenyume, hata shemeji yako ambaye hatofautishi sindano na msumari aliona. Sikufanya kwa mapenzi, nisikudanganye. Nilifanya kwa hasira. Kila mshono nilikuwa nakusema wewe.

Ya pili ilikubali. Upande wa kushoto niliuacha wazi wote, kuanzia kiwikoni kupita kwapani hadi kiunoni, nikaweka vishikizo vya kubana. Unaulaza mkono wa mama juu ya kitambaa, unaufunika, unabana, kwisha. Hakuna kuvuta, hakuna kuinua. Ukimtazama kwa mbele huoni kitu, unaona mama aliyevaa vizuri. Nesi alipoiona aliigeuza ndani nje, kisha akasema, "Hii nani kakufundisha?" Hasira, ndiyo iliyonifundisha, lakini sikumwambia.

Nilimshonea tano. Ya kijani ndiyo iliyotoka vizuri kuliko zote. Mama akaanza tena kudai kioo, kudai kuchanwa nywele, kudai kukaa sebuleni wageni wakija. Na wageni wakija huisifu blauzi. Hapo ndipo nilipoanza kumeza shubiri. Mama alikuwa anainyoosha kola kwa mkono wake mzima na kusema, "Kaniletea mwanangu wa mbali. Hanisahau yule."

Mara ya kwanza nilidhani ni ugonjwa, akili imeteleza. Mara ya pili nilitoka nikaenda kuosha vyombo ambavyo ni visafi. Mara ya tatu alikuwa shangazi, na shangazi akanigeukia mimi akasema, "Unaona mwenzio?" Nami nimesimama pale, vidole vina matundu ya sindano.

Wageni walipoondoka nilimwendea. Nikamwambia, "Mama, blauzi hii nimeshona mimi."

Akasema, "Najua. Kwani mimi kipofu? Wewe upo, watu wanakuona ukinilisha na kuniogesha. Yule nani atamsemea?"

Natamani ningeweza kukuambia kwamba nilielewa, kwamba moyo ulilainika. Haukulainika. Nilikasirika zaidi. Nilimgeuzia mgongo siku mbili mama yetu mgonjwa, namlisha bila kusema neno, na siku mbili hizo sitazipata tena. Hilo nalo naliandika ili ujue kwamba sijioni malaika.

Alifariki akiwa amevaa ya kijani, saa nne asubuhi, mimi nikiwa kazini. Wewe mazishini hukuja, ulisema ruhusa ya kazini imekataliwa. Inawezekana. Sijakuuliza, na leo pia sikuulizi.

Baada ya mazishi sikugusa cherehani. Niliona sababu niliyokuwa nayo imezikwa. Lakini mezani kilikuwa kimebaki kitambaa cha zambarau, blauzi ya sita, nimeshakikata kwa vipimo vyake na vipande vimebanwa kwa pini. Miezi miwili nilikuwa nakula pembeni ya meza ili nisivisogeze. Kuvitupa siwezi, kuvishona kwa nani?

Jumamosi moja niliamua kuviunga tu, vitoke mezani. Nikavijaribu kifuani kwangu. Vidogo mno, mama alikuwa amekwisha mwili. Nikachukua kitambaa kingine chenye mistari, nikaongeza vipande ubavuni, huku na huku. Ule mkono ulio wazi nikaufunga. Kisha nikaona shingo haipendezi, nikaibomoa. Kisha kola. Nilipoinua kichwa ilikuwa saa tisa alasiri, sijala, na nilikuwa napiga mluzi. Niliona haya, mdogo wangu. Nilijishika mdomo kama mtu aliyecheka msibani.

Lakini Jumatatu niliivaa kazini. Kazi yangu ni ileile, meza ya pasi kwenye kiwanda cha kufulia nguo. Kutwa nzima nashika blauzi za wenye uwezo, nikizigeuza naona matumbo yake kwa ndani, pindo limeshikiliwa na uzi mmoja na sala. Miaka yote hiyo nimezipiga pasi kwa adabu kama vile zimenizidi. Msimamizi wetu, mama mmoja ambaye hasifu hata mvua, alinisimamisha mlangoni akauliza nimenunua wapi. Nikamjibu, "Nimeshona mwenyewe." Neno hilo, kuhusu nguo ya mwilini mwangu, sikuwa nimelisema kwa sauti tangu mahafali yako.

Sasa nina nne. Nashona kila Jumamosi. Furaha imerudi, siwezi kuikana, lakini imerudi na uchungu wake ndani. Naikaribisha hivyohivyo.

Kuhusu ombi lako: ya kijani haiji. Nilimpa nesi. Ana mgonjwa mwingine mtaa wa pili, mkono wa kushoto pia, na binti wa mgonjwa huyo ameniambia siku hizi mama yake anakaa sebuleni. Siwezi kuidai. Zile tatu zako nazirudisha pamoja na barua hii, karatasi yake bado haijakunjamana.

Shangazi sijamwambia kitu, wala sitamwambia. Mama alitaka ijulikane ni yako, basi kwa watu wote itabaki yako. Wakikusifu, pokea. Wewe peke yako ndiye nimetaka ujue ni yangu.

Ukitamani blauzi, niandikie vipimo: mabega, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Nitakushonea, ingawa itachukua muda maana uko nyuma ya foleni, na foleni ni mimi. Zamani nilikuwa nakukatia kitambaa bila kukupima. Sasa siwezi. Sijui kama umenenepa au umekonda.

Nisalimie mumeo na wanangu, waambie mama mkubwa anawakumbuka. Shangazi anakusalimu, shemeji yako naye anakusalimu kati ya kikohozi na kikohozi. Nesi hakujui, lakini amesema nikusalimu. Mungu akulinde huko uliko, akupe usingizi mzuri, na akupe mtu wa karibu siku utakayomhitaji.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na bado sijakusamehe.