Jiwe la Chemchemi Yetu Limekataa Kumtetea Baba

Ijumaa. Julai ya Meru ni ileile: ukungu tangu asubuhi, na nguo nilizofua juzi bado zimelowa. Nimekaa chumbani kwangu hapa Majengo, blanketi mabegani mchana kweupe. Nyinyi mnaopita kwenye blogu hii kutazama picha za mawe, leo sina picha.

Majibu ya maabara yametoka.

Nimeyasoma mara nne. Mara ya kwanza nilitabasamu, kumbe nilikuwa naangalia sampuli ya mtu mwingine.

Acha niandike kutoka mwanzo, maana kichwa hakijatulia. Chini ya shamba letu, ukiteremka kutoka Kanyakine, palikuwa na chemchemi. Maji yake yalikuwa ya chokaa. Yaliacha utando mweupe kwenye sufuria, na pale yalipotokea yalijenga jiwe, tabaka nyembamba juu ya tabaka nyembamba, mwaka baada ya mwaka. Kijiji kizima kilichota hapo. Nilipokuwa darasa la tano, Baba akapanda mikaratusi kuizunguka, ile miti tunayoiita bluugamu. Ilikua haraka, ikauzwa nguzo, nami nikasoma sekondari, nikaenda chuo kikuu, nikawa mtu wa mawe. Mwaka wangu wa pili chuoni, chemchemi ikakauka.

Watu walisema ni miti ya Baba iliyokunywa maji. Yeye hakubisha. Aliikata yote, akang'oa hata visiki kwa jembe na shoka, na umri wake ule, lakini maji hayakurudi. Kanisani wakawa wanamsalimia kwa ncha za vidole. Alipofariki mwaka jana, majirani wa bondeni hawakuleta hata mtungi mmoja wa maji, na kwetu nyumba yenye msiba huletewa maji na kuni bila kuomba. Shangazi alipowauliza, mama mmoja alimjibu mbele ya watu: "Maji gani tena? Si huyo mzee wenu alimaliza yote na miti yake."

Maneno hayo sikuyakubali. Wiki moja baada ya mazishi nilishuka bondeni na nyundo, nikavunja kipande cha lile jiwe kavu. Nilitaka kuthibitisha kwamba ni mvua iliyopungua. Mwalimu wangu chuoni alinionya kwamba mtu hachukui sampuli huku tayari ana jibu mfukoni. Nilimwitikia kwa heshima na sikumsikiliza.

Jiwe la aina hii hutunza mambo. Kila tabaka hufungia ndani yake oksijeni ya maji ya wakati ule, na oksijeni iko nyepesi na iko nzito. Mvua ikiwa nyingi, nyepesi huzidi. Mvua ikipungua, nzito huongezeka. Tabaka hufungia pia kaboni iliyopitia kwenye udongo. Penye nyasi na mahindi kaboni huwa nzito zaidi, penye miti huwa nyepesi. Nilikuwa nikiomba, kweli nilipiga magoti nikaomba, nikute oksijeni nzito katika tabaka za mwisho.

Oksijeni haikusogea. Mvua ilikuwa ileile hadi mwisho. Kaboni ndiyo iliyobadilika, inazidi kuwa nyepesi kuanzia miaka michache baada ya Baba kupanda, na tabaka zinazidi kuwa nyembamba mpaka zinakoma.

Ni miti.

Najua la kujitetea. Jiwe moja halitoshi, zinahitajika sampuli nyingine. Mwanafunzi yeyote ningemwambia hivyo. Lakini jibu lingekuwa lile nililolitaka, jiwe hilo moja lingenitosha kabisa.

Kinachonitesa zaidi ni Mama. Ameshawatangazia wenzake wa kanisa kwamba Kendi ana ripoti ya kusafisha jina la baba yake. Ameniombea nafasi keshokutwa, Jumapili, wakati wa matangazo, nisimame niisome. Amenunua hata kitambaa kipya cha kichwa.

Saa nane mchana akapiga simu. Nilikuwa nimepanga kumdanganya kwamba mashine imeharibika. Nilipofungua mdomo nikalia.

"Kendi, imesema ni miti?"

"Ni miti, Mama."

Akaanza kusema polepole.

"Baba yako alikuwa anataka kupanda ndizi hapo. Ni mimi nilikataa. Nikamwambia tupande bluugamu, huyu mtoto lazima asome. Hiyo miche yote nilibeba mimi, na hii mgongo yangu. Watu walipoanza kuongea, akaniambia ninyamaze, wacha waseme ni yeye."

Nilikuwa nikikumbuka likizo moja, chemchemi ikiwa imekauka karibuni, nilipomuuliza Baba kwa ukali mbona hakufikiria kabla ya kupanda. Nilimuuliza kwa majivuno ya mtu aliyetoka darasani juzi. Alinitazama, kisha akaniuliza kama nimekula.

Baba, nisamehe.

Kabla ya kukata simu Mama aliuliza kama bado nitakuja Jumapili. Nikamwambia nitakuja. "Basi hiyo ripoti kuja nayo," akasema. "Nitasimama mimi."

Sijui kama watamwacha aseme mpaka mwisho. Namjua Mama, sauti yake itakatika akifika kwenye jina la Baba. Nitakuwa benchi la mbele, na akishindwa kumaliza nitasimama kando yake niwaambie wote kwamba ile miti ilipandwa kwa ajili yangu.