Kurasa Mbili Zinazotazamana

Élisabethville, kambi ya wafanyakazi
11 Aprili 1948

Mdogo wangu Faustin,

Jambo sana. Jambo kwa mke wako Régine, jambo kwa mtoto wangu Constance. Mimi ni mzima, isipokuwa kifua kinakwaruza kwa moshi wa tanuri, na mguu uliochomwa na shaba mwaka juzi unanisumbua mvua ikikaribia. Ninyi je? Homa ya mtoto ilikwisha?

Ndani ya bahasha hii utakuta picha tatu. Ni zile picha ndogo zinazowekwa ndani ya karatasi za chokoleti. Mumba, mpishi wa injinia mmoja, huziokota watoto wa bwana wake wakizitupa, nami humpa tumbaku yangu ili anipe. Moja ni watu wa nchi ya barafu. Ya pili ni Wachina wakivuna mpunga. Ya tatu Mumba anasema ni Wahindi, kapita anayetusimamia kazini anasema ni Waarabu. Wewe uliyesoma utaamua.

Uliniandikia kwamba unataka watoto wa darasa lako wajue dunia haiishii Kabalo. Ni vizuri. Mimi nilijua hivyo nilipopakiwa melini, mwaka ule chifu alipotafuta mwanaume mmoja kila nyumba kwa kazi ya shaba, na kidole chake kikanielekea mimi kwa sababu wewe ulijua kuchora, ukaachwa shuleni. Sisemi kwa ubaya. Nasema tu.

Mwambie Constance aniandikie kwa mkono wake mwenyewe.

Yaya wako,
Anaclet


Kaseya, upande wa Kabalo
20 Juni 1948

Yaya Anaclet, kaka yangu mkubwa,

Nakuamkia kwa heshima. Barua ilifika, picha zote hata kona hazikukunjika. Sisi ni wazima. Homa ya mtoto ilikwisha zamani. Régine anasema unywe majani ya mpera kwa kifua hicho.

Yaya, ungeona kitabu! Nimebandika picha zako kwenye karatasi ngumu za mifuko ya saruji. Chini ya kila picha nachora vijitu kwa wino: kijitu kimoja ni watu milioni moja. Hesabu ya Wachina nilipewa na Padri, mia nne na hamsini. Tulichora hadi vidole vikawa vyeusi. Régine alishona karatasi juu ya karatasi, ukurasa ukitandazwa unafika mlangoni kama mkeka. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, hawa bantu bote banalala wapi?" Padri alikuja kuona, akasema kitabu kama hiki hajakiona misheni yoyote. Sasa wananiita Mwalimu wa Dunia. Nawakataza, lakini nafurahi.

Hesabu za nchi nyingine sina. Rafiki yako Émile, yule karani mwenye almanaki, kile kitabu cha mwaka chenye hesabu za nchi zote, hawezi kutusaidia?

Constance anaongeza mistari yake hapa chini.

Mdogo wako,
Faustin

Baba wa Élisabethville, jambo. Mimi niko muzima. Baba aliniacha nichore Wachina mia moja peke yangu. Baba anasema mkono wangu ni muzuri. Utume picha zingine. Mtoto wako, Constance.


Élisabethville
1 Agosti 1948

Faustin,

Jambo. Natumaini mko wazima. Mimi ni mzima wa mwili.

Nimesoma mistari ya mtoto hadi karatasi imelegea. "Baba wa Élisabethville." Kama mtu anavyosema samaki wa Bukama. Na wewe ni "Baba" tu, bila mji. Desturi naijua, usinifundishe: ndugu ya baba ni baba. Mama yake alipofariki nilikukabidhi mwenyewe, mkono kwa mkono. Lakini desturi haikusema kwamba aliyemzaa apewe jina la stesheni.

Na Mwalimu wa Dunia! Nani aliyeacha tumbaku? Nani anayembembeleza Mumba kama bibi harusi ili atoe kipicha kimoja? Jina langu liko wapi kwenye kitabu hicho? Hapa mimi ni 6114, namba iliyogongwa kwenye kibati. Juzi kapita aliniita mbele ya watu wote, "Weye, muzee wa kukohoa!" Nina miaka thelathini na sita. Wewe ukiingia darasani, watoto arobaini wanasimama.

Émile hayuko. Alisema hesabu fulani ya almanaki yake mbele ya watu kwenye robine ya kambi, walipokuwa wakichota maji. Maneno yakafika kwa bwana wa kambi, na kabla ya Jumapili Émile na mke wake walikuwa wamehamishiwa kituo kidogo upande wa Mokambo. Almanaki aliniachia nimtunzie. Kifaransa chake kinanishinda, lakini tarakimu ni tarakimu.

Namtaka mtoto wangu. Mmtume kabla ya Noeli.

Anaclet


Kaseya
19 Septemba 1948

Yaya wangu,

Nakuamkia vilevile, ingawa safari hii hukuandika "yaya wako" mwishoni. Régine ndiye aliyeona. Kifua kinaendeleaje?

Jina lako sasa liko kwenye jalada. Constance ameliandika kwa herufi kubwa: PICHA NI ZA ANACLET. Ulikuwa na haki, tulisahau, utusamehe.

Kuhusu mtoto, nakuomba usubiri. Masœur, wale watawa wa misheni, watachukua wasichana wawili mwezi wa Januari katika shule yao ya kulala. Inspekta wa shule anakuja Novemba, na msichana atakayempendeza atachukuliwa. Constance anataka kuwa mwalimu. Akija kambini, nani atakaa naye ukiwa kwenye tanuri? Sikunyang'anyi mtoto, yaya. Namshika tu asianguke.

Hesabu za nchi nyingine Padri alinitafutia, na kitabu kimebaki na kurasa mbili tupu: Wabelgiji, na sisi Wakongo. Watoto wananiuliza kila siku, "Na siye tuko bangapi?" Padri anasema hesabu hiyo haikumbuki. Almanaki inasemaje?

Mdogo wako,
Faustin


Élisabethville
10 Oktoba 1948

Mdogo wangu mpenzi,

Jambo, jambo sana kwenu wote. Mimi ni mzima, hata kikohozi kimenipumzisha. Nimefikiri, nikaona maneno yako ni ya kweli. Mtoto abaki. Asante kwa jina langu kwenye jalada.

Hesabu nimezikuta. Wabelgiji ni milioni nane na nusu. Sisi Wakongo ni karibu milioni kumi na moja. Nakutumia picha mbili nzuri: askari wa Ubelgiji wenye tarumbeta, na wanawake wetu wakitwanga. Zibandike kwenye kurasa mbili zinazotazamana, vijitu mbele ya vijitu, ili jicho lione bila kuhangaika. Na Inspekta akija, mtu asimame azitaje hesabu hizo mbili kwa sauti kubwa. Atafurahi sana. Wazungu hupenda hesabu safi.

Yaya wako anayekupenda,
Anaclet


Élisabethville
16 Januari 1949

Faustin,

Jambo. Mko wazima? Nauliza kweli, si kwa desturi. Novemba imepita, Noeli imepita, na mfuko wa barua wa Bukama kila mara hauna jina langu.

Basi niseme. Hesabu niliyokutumia ndiyo ileile iliyomwondoa Émile. Alisimama kwenye robine akasema, "Benye Ubelgiji ni nane na nusu, siye kumi na moja. Siye tuko bengi!" Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka wakatazamana. Nilijua inaunguza. Nikaifunga ndani ya picha nzuri, nikakutumia. Hesabu ni ya kweli. Uongo ni pale niliposema Inspekta atafurahi.

Nilitaka akutoe darasani. Nilitaka watoto arobaini wamwone Mwalimu wa Dunia akigombezwa kama ninavyogombezwa mimi. Na mtoto akikosa nafasi kwa masœur, nilijiambia, atapanda treni aje kwangu. Nilipofikiri kwamba yeye ndiye anaweza kusimama kusema, nilikimbia posta na nguo za kazi. Mfuko ulikuwa umekwisha kuondoka.

Almanaki inasema dunia ina watu milioni elfu mbili na mia tatu. Kati ya hao wote nimemwonea wivu mmoja, na huyo tulinyonya ziwa moja.

Niambie tu kama mtoto ni mzima.

Anaclet. Neno "yaya" naliogopa leo.


Kaseya
6 Februari 1949

Yaya,

Mtoto ni mzima. Nianze na hilo. Sikuandika kwa sababu kila nikishika kalamu yalitoka matusi, na Régine akachana karatasi.

Inspekta alifika mwishoni mwa Novemba. Kwa Wachina alicheka kama watoto, akatembea kando ya ukurasa hadi mlangoni. Kisha akafungua zile mbili. Nilitaka kusema mimi, lakini Constance alikuwa amekwisha kusimama na fimbo. Akahesabu nane na nusu upande huu (yule wa nusu alimchora bila miguu), kumi na moja upande ule. Kisha akaongeza lake, hakuna aliyemfundisha: "Bwana, tukishikana mikono, muntu na mwenzake, kwetu bantu banabaki."

Padri akajaribu kucheka. Inspekta hakucheka. Akamwuliza, "Hesabu hii umeipata kwa nani?"

Mtoto akafungua kinywa. Nikasimama kabla hajasema. "Ni mimi, bwana. Mimi ndiye baba yake."

Jalada lenye jina lako nilikuwa nimelichana asubuhi ile. Usidhani ulinidanganya. Uliniandikia mwenyewe kwamba Émile aliondolewa kwa sababu ya hesabu, na mimi ni mwalimu, kujumlisha najua. Tena tangu lini mimi ni "mdogo wako mpenzi"? Nilikaa na picha zile siku nane. Nikazibandika kwa sababu watoto walikuwa wameniuliza wako wangapi, na jibu lilikuwa la kweli. Kosa langu ni kudhani kwamba nitasimama peke yangu.

Kitabu kilichukuliwa. Darasa langu lina mwalimu mwingine, na mimi nasimamia matofali ya misheni. Masœur walichukua wasichana wengine. Constance hakulia mbele yangu. Alisema anataka kuiona almanaki kwa macho yake. Anakuja kwako pamoja na mke wa katekista anayemfuata mume wake, kwa meli hadi Bukama, kisha treni, juma la pili la Machi. Ulimtaka. Mpokee.

Na lile neno nililomwambia Inspekta, nililisema ili kosa linipate mimi. Usilionee wivu.

Mdogo wako,
Faustin


Élisabethville
3 Aprili 1949

Mdogo wangu Faustin,

Jambo sana kwako na kwa Régine. Mikono yako inaendeleaje na matofali? Paka mafuta ya mawese. Mimi nakohoa, lakini nafanya kazi.

Constance alifika salama. Alishuka na kikapu chake, akanitazama kuanzia kofia hadi miguu. "Weye ndiye Baba wa Élisabethville?" Nikasema ndiyo. Lakini hapa wote ni wa Élisabethville, jina hilo halimsaidii mtu, na baada ya siku tatu akaliacha mwenyewe. Sasa naitwa Baba. Wewe umekuwa Baba wa Kaseya. Nilifurahi siku nzima, nisikufiche. Kesho yake nikaona haya.

Mama Julienne, mjane wa chumba cha jirani, anakaa naye nikiwa kazini. Constance amekwisha kuanza kitabu kipya, kwa kumbukumbu tu. Nilimchorea kijitu kimoja nimsaidie. Akakigeuza huku na huku. "Baba wa Kaseya anajua kuchora kupita weye." Iliniuma. Bado inauma kidogo. Nikamwuliza, katika hivi vyote mimi ni kipi? Akanionea huruma. "Baba, kimoja ni milioni. Weye peke yako hauonekane."

Leo baada ya misa aliwakusanya watoto wa kambi kwenye robine, akatandaza Wachina wake wote chini. Halafu kurasa mbili zinazotazamana. Mimi nilikuwa kwenye mstari na ndoo yangu. Nilimwona bwana wa kambi akija kwa baiskeli kutoka mbali, muda wa kumwita mtoto ulikuwepo. Sikumwita. Watoto walikuwa wakihesabu kwa midomo, na sikutaka waishie kwenye saba.

Bwana akashuka. "Nani amemfundisha mtoto huyu?"

Constance akanitazama. Nikaweka ndoo chini. "Ni mimi, bwana. 6114. Mimi ndiye baba yake."

Kitabu hakukiona tena. Mama Julienne alikuwa amekikalia, na mama Julienne si mtu wa kuinuliwa.

Kesho asubuhi naitwa ofisini. Barua hii nampa Mumba aipeleke posta, lolote litakalokuwa. Wakinipeleka upande wa Mokambo, nitamrudishia Émile almanaki yake. Wakinifukuza, tutapanda treni ya Bukama sote wawili, na Régine aongeze maji na unga kwenye chungu cha bukari. Huko kwenye matofali, hamhitaji mikono mingine miwili?

Yaya wako,
Anaclet

Baba wa Kaseya, jambo. Mimi niko muzima. Baba ameanza kujua kuchora mikono. Miguu bado. Mtoto wako, Constance.