Mkojo Nilioukalia Msibani

Alhamisi, Temeke. Nje jua linachoma mabati, mie nimejifunika blanketi na bado meno yanagongana. Homa imerudi. Mkojo wa asubuhi ulikuwa mzito kama maji ya mchele, na harufu yake nimeshaizoea kuliko harufu ya chumba changu.

Hii ni mara ya tatu tangu Idi.

Niandike kabla kichwa hakijazidi. Tangu nianguke juu ya rundo la mbao pale Keko, mgongo umepona kiasi cha kutembea, lakini kibofu hakikurudi. Hakinipi taarifa, hakitoi mkojo chenyewe. Hospitali walinifundisha kutumia mpira, kijirija chembamba cha kutolea mkojo: ninawe mikono kwa sabuni, nijisafishe kutoka mbele kwenda nyuma, niuingize taratibu, mkojo utoke wote. Kila baada ya saa nne. Mpira nauosha, nauchemsha dakika kumi kwenye sufuria yake. Nina jagi la mistari. Usizidi mililita mia nne, walisema. Mie niliyeanza kushona vitambaa vya makochi kwa cherehani ya kuazima, leo ninazo tatu, hesabu haijawahi kunishinda.

Kinachonishinda ni watu.

Jumapili tulikuwa msibani Kinondoni, kafariki shangazi yake mume wangu. Saa tatu asubuhi niliingia chooni na mkoba wangu mdogo wenye mpira, sabuni na chupa ya maji. Natoka, wifi yangu mkubwa ananitazama mbele ya mkeka mzima.

"Wifi, chooni waenda na mkoba? Au tangu biashara iwe ruksa na huko umefungua duka?"

Wakacheka. Kisha mwingine akanong'ona, ila kwa sauti ya kusikika: "Maiti hajatoka, watu wameshaanza na mikoba."

Hapo hawakucheka. Nikajua wananidhania nini.

Basi nikakaa. Nikaacha na maji ya kunywa, nikijiambia kisichoingia hakitatoka. Hesabu ya kipumbavu, na nimeipiga mwenyewe. Maiti akatoka, wanaume wakarudi kutoka kuzika, dua ikasomwa, mie nimekaa tu kama gunia. Nimefika nyumbani saa kumi na mbili jioni. Jagi lilijaa mililita mia tisa na sitini.

Leo kliniki nesi hakunionea haya. "Dada, kibofu si foleni ya sukari, hakisubiri." Akanigonga kiunoni, nikaruka. Akasema maradhi yameanza kupanda kwenye figo. Kanipa vidonge, na maji ninywe kwa wingi. Yakirudi tena, daktari ataniwekea mpira wa kudumu na mfuko nitaufunga mguuni, tena huo nao huleta wadudu.

Nimelia kwenye benchi la kliniki kama mtoto. Mguu huo ndio ninaokanyagia cherehani.

Na niseme ukweli, maana hapa hakuna wa kunisuta. Mume wangu alitaka kuwaeleza dada zake tangu mwanzo. Mie ndiye niliyemkataza. Niliona heri waniite mchawi kuliko wajue nakojoa kwa mpira.

Alasiri hii wifi yule mkubwa kaja kunijulia hali, na uji wa pilipili manga kwenye chupa ya chai. "Pole wifi. Malaria tena?"

Jibu rahisi lilikuwa mdomoni. Kila homa hapa mjini ni malaria, hakuna anayeuliza zaidi.

"Si malaria," nikamwambia. "Kaa."

Nimemweleza yote, hadi mililita. Nilipomaliza alikuwa anatazama sakafu. Kisha akauliza, taratibu, iwapo mpira unauma.

"Mpira hauumi," nikasema. "Kilichouma ni mlivyonitazama."

Kaondoka bila chupa yake. Hitima ni Jumamosi, na sijui huko Kinondoni atafika na maneno gani. Yatakayofika na yafike. Figo ninazo mbili tu.

Bilauri ya tatu imekwisha. Saa nne zimetimia, naenda kunawa mikono.