Jina kwenye Saruji

Jumapili

Kumbe miaka yote hii nimekuwa nikikwangua kuvu kwenye makaburi ya watu wengine.

Mama alifariki nikiwa sijaanza hata kutembea, na baba hakupenda kuulizwa. Basi nikawa namtafuta mama kijijini Mlali, kwenye makaburi ya kina baba, nikisoma jiwe moja baada ya jingine. Nilidhani mke huzikwa kwa mumewe.

Leo nilipomweleza mjomba, kaka yake mama, alinitazama kwa huruma. "Mluguru gani wewe, Rehema? Sisi mtu anarudi kwa mama yake. Mume anaazima tu."

Tukapanda naye hadi juu ya shamba lao la Kinole, nyuma ya migomba. Mama amelala kando ya bibi. Mjomba mwenyewe ndiye aliyeandika kwa msumari saruji ikiwa mbichi, na herufi zimepinda: jina la mama, na chini yake, MAMA REHEMA.

Nilikwenda kutafuta jina lake. Sikujua kwamba langu nalo lilikuwa pale, likinyeshewa mvua miaka yote.

Sikulia. Nilibaki nahangaika na tope kwenye viatu, kana kwamba ndilo lililonipeleka.

Halafu nikaona upande wa pili wa mama pana nafasi imepaliliwa vizuri, haina hata mche wa mdalasini. Nikamuuliza mjomba mbona hapo hawajapanda kitu.

"Hapo ni pako," akasema, akainama kung'oa majani.