Samaki Waliopinda na Jina Langu

Baba mkwe,

Ndaga, baba, pokea salamu zangu. Miaka tisa nimeolewa hapa Kawetele, na haya ndiyo maneno yangu ya kwanza kwako. Ulikuwa ukija bwawani unakohoa toka migombani, nami natupa ndoo nakimbia, maana kwa mila yetu mkamwana haonani na baba mkwe. Nikirudi nakuta ndizi mbivu juu ya ndoo. Nilijua ni wewe. Nilikula zote, mwanao sikumwachia hata ganda.

Kisha vifaranga wetu wa perege wakapinda migongo kama ndoano. Shemeji, mwanao mkubwa, akatangaza: "Mkamwana amekutana na baba njiani. Laana hiyo!" Ukanyamaza. Ukaugua, ukaondoka... na mimi sijui kama uliamini.

Sasa sikia. Darasa la saba ndiyo elimu yangu, lakini nimeuza vitenge mpaka Lusaka. Laana ya shemeji itaniweza wapi? Nilimbeba kifaranga mmoja kwenye chupa hadi Tukuyu kwa bwana samaki, mtaalamu wa ufugaji. Akauliza, "Chakula chao mnaweka wapi?" Nikamwambia: kwa shemeji, kichanjani juu ya moto, pamoja na mahindi ya mbegu, kisiote ukungu kwa mvua zetu hizi. Mtu alicheka mpaka akakaa chini! Kumbe vitamini C huuawa na joto, na kukaa muda mrefu pia. Kifaranga akiikosa, mifupa yake haikomai, na bwawa letu la turubai halina kingine cha kumpa.

Shemeji akabisha. Vizuri! Nikafunga vizimba viwili vya nyavu bwawani, vifaranga wa kundi moja: hawa chakula cha kichanjani, wale chakula kipya kilichotunzwa pakavu penye ubaridi. Miezi mitatu. Nikaita ukoo mzima. Wale wamenyooka kama askari wa gwaride. Hawa viwiko vitupu. Waliopinda nikawakaanga, nikamwekea shemeji mbele ya watu. "Karibu laana, shemeji." Shangazi alicheka hadi kilemba kikadondoka. Shemeji alikula wote, jasho linamtiririka. Nikampa maji, mimi si mnyama.

Lakini sijaridhika, baba. Wote wamesikia isipokuwa wewe. Jumamosi namleta shemeji kaburini kwako, aseme kwa mdomo wake kwamba chakula alikiharibu yeye, na mkamwana wako hakukosa. Akinong'ona, anaanza upya.

Pumzika, baba. Nakuahidi utamsikia.