Tafsiri ya Baba Mdogo

Wanangu, saa moja asubuhi hii, mkiwa mmelala, begi la Baba Mdogo Salvatory lilikuwa mlangoni, tayari kurudi kwake Lipingo.

Maharage yako jikoni, yachemsheni. ~~Kanda ya video mrudishieni Thabiti dukani.~~ Msiirudishe.

Kila Krismasi Baba Mdogo huwatafsiria ile filamu ya Kiingereza ya wasafiri wawili waliokwama kwenye theluji, nami huwa jikoni. Jana niliketi nanyi kuitazama. Yule msafiri mnene mwenye maneno mengi aliulizwa nani anamsubiri nyumbani. Baba Mdogo akatafsiri, "Mke wangu ameshapika ubwabwa!" Mlicheka hadi Jastin akaanguka mkekani. Kwa Kiingereza, yule mtu alisema hana mtu.

Leo nimemwambia, "Shemeji, kwa tafsiri ile nakupa sifuri."

"Ah, Mwalimu! Watoto wanacheka, niwaharibie sikukuu?"

"Na wewe Lipingo nani anakusubiri?"

Akainama kukaza mkanda wa begi. Tangu mama yenu mdogo afariki, anaishi peke yake. Nikamwagiza abaki hadi Mwaka Mpya, airudie tafsiri yote kwa usahihi.

Naenda mashineni kusaga mahindi. Asteria, tandika tena kitanda cha pili chumbani kwa Jastin. Baba Mdogo amekubali, na ameomba kikombe cha pili cha uji.

Mama